Simu ya Picha Nne

Benchi lenyewe lilikuwa mlango. Zamani ulikuwa mlango wa ofisi fulani, ofisi ikavunjwa, mlango ukalazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi simu, na tundu la kitasa likabaki pale pale ambapo hakuna mtu anayekubali kukalia. Wenyeji wa benchi walikuwa watatu. Upande wa barabarani alikaa Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ila mguu wake wa kulia haukupewa barua ya kustaafu. Gari likipita kasi, lazima mguu huo ukanyage ardhi. Upande wa pili alikaa Karani, aliyegonga mihuri miaka thelathini na moja, na ambaye hadi leo hawezi kutoa hoja bila kuipanga kwanza na pili, ingawa tatu huwa haifiki. Kati yao, mbali kidogo na tundu, alikuwa Mama Vipimo, fundi cherehani wa duka la jirani, utepe shingoni, gauni la mtu mapajani, anapiga pindo huku anabisha. Na mlangoni mwa kibanda, juu ya kigoda, alikaa Bisibisi mwenyewe, fundi simu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa mikono isiyotetemeka na mdomo usionyamaza. Jumamosi ile, saa nne asubuhi, muuza kahawa alikwisha kumimina mzunguko wa kwanza, na Bisibisi alikuwa hajasema neno.

Mfukoni mwa shati alikuwa na simu ya mama yake. Saa sita angekwenda kumchukua bi mkubwa huyo ampeleke hospitali kumwona shoga yake wa ujanani, ambaye alianguka Jumanne nyumbani kwake, akavunjika nyonga, akalala sakafuni mpaka Jumatano mchana. Ndani ya simu ile mlikuwa na jambo ambalo mama hakulijua. Bisibisi alilijua tangu Alhamisi, na siku mbili nzima alikosa mdomo wa kulisema. Sasa bibi hao wawili wangekaa kitandani waongee, na lingetoka. Ama aliseme yeye kabla ya saa sita, ama mama alisikie pale, mbele ya mgonjwa. Basi akafanya wanavyofanya watu wenye aibu, akaamua kuuliza kwa niaba ya mtu mwingine.

— Nina mteja mmoja, alisema.

— Ahaa, kumbe umo! alidakia Breki. Tulishaanza kukuhesabia siku za kumaliza eda.

— Huyu mteja ana mama yake, mtu mzima. Macho yamepungua, herufi ndogo hazioni. Wakamnunulia simu ya kioo. Sasa simu hizi mnazijua. Kidole kikigusa hapa kinafunguka hiki, kikigusa pale inakuuliza unakubali au hukubali, na wewe hujui unakubali nini.

— Mimi nakubali zote, alisema Breki. Ukikataa inarudi kukuuliza tena kesho.

— Siku moja akapigiwa na tapeli. Akaambiwa, mwanao amegongwa, yuko chini barabarani, anakuita. Bi mkubwa akatoka mbio, kiatu mguu mmoja. Akakata barabara bila kutazama. Gari lilisimama bampa imeshamgusa nguo.

Mguu wa Breki ulikanyaga ardhi. Hakuna aliyecheka.

— Huyo tapeli alikuwa anataka nini? aliuliza Karani.

— Mpaka leo hatujui. Simu ilimdondoka.

— Hamjui, alisema Mama Vipimo bila kuinua macho.

— Hawajui. Nimesema hawajui. Basi mteja akaja kwangu, akaniambia, fundi, mfanyie mama yangu simu ambayo haiwezi kumdhuru. Nikakaa nayo siku mbili. Nikaficha kila kitu. Ukiiwasha unaona picha nne, kubwa kama biskuti. Picha ya mwanawe wa kiume, ya binti yake, ya daktari, ya jirani. Unagusa uso wa mtu, unaongea naye. Basi, hakuna kingine. Namba isiyojulikana haiingii. Hata kitufe chekundu cha kukata nilikiondoa, kwa sababu alikuwa anawakatia watu kwa shavu. Anayekata ni yule wa upande wa pili.

Alipofika hapo sauti yake ilinyanyuka kidogo, maana kazi ile aliipenda. Alikuwa ameionyesha kwa mafundi wenzake wawili, na wote wawili walimpa mkono. Miaka kumi na nne anafungua simu za watu, anakuta mle ndani vurugu tupu, vitu juu ya vitu, na watu wazima na akili zao wanakuja kibandani kuona haya kwa sababu ya kidude cha mkononi. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba simu nzuri ni ile isiyokuuliza maswali.

— Kazi safi, alisema Breki. Mimi nasema wazi. Lori langu la kwanza lilikuwa na kanyagio tatu, usukani na mimi. Basi. La mwisho lilikuwa na kioo kinaniuliza kama nimelala vizuri. Nimelala vizuri, kwani wewe ni mke wangu?

— Kwanza, alisema Karani, akaweka kikombe chini. Urahisi unategemea nani ameshika kalamu. Pale ofisini tulikuwa na fomu yenye visanduku viwili: umeoa, hujaoa. Fomu nzuri kweli, unajaza ukiwa umesimama. Siku moja akaja bwana mmoja, akachukua kalamu, akasimama. Robo saa. Nusu saa. Foleni inanung'unika. Namuuliza tatizo nini mzee, ananiambia mke wangu alitoka miaka mitatu iliyopita kwenda kumtazama dada yake, hakufika huko na hapa hakurudi. Sasa mimi niweke wapi?

— Ukamwambiaje?

— Nilimwambia chagua kimoja, watu wanasubiri.

Muuza kahawa alikuwa anapita na birika, akasimama na yeye.

— Alichagua kipi?

— Alirudisha kalamu, akaondoka. Na pili... Karani alikitazama kikombe chake. Hakuna pili. Namkumbuka tu.

Wakanywa. Barabarani mtu alikuwa anasukuma toroli la matofali, gurudumu linalia. Bisibisi aligusa mfuko wa shati, akautoa mkono haraka kama aliyeshikwa anaiba.

— Mimi wateja wangu wananiletea mama zao, alisema Mama Vipimo. Mwana ndiye anayesema. Mama akatiwe gauni jepesi, lisilo na vifungo, vifungo vinamsumbua. Lisiwe na mfuko, mfuko wa nini, haendi popote. Mimi naitikia ndiyo, ndiyo. Mwana akishatoka, ninashona mfuko. Kwa ndani, hapa ubavuni, hauonekani.

— Anaweka nini humo? aliuliza Breki.

— Nitajuaje? Si ndiyo maana ya mfuko.

— Mama, lakini vifungo vinamsumbua kweli, alisema Bisibisi. Ukimwachia vifungo ishirini atatoka nje kifua wazi.

— Sijasema ishirini. Nimesema mfuko mmoja.

— Huo mfuko mmoja ndio tapeli atakaotia mkono!

Alisema kwa ukali hata wakamtazama. Si kawaida ya Bisibisi kumpandishia sauti Mama Vipimo, aliyemjua tangu akiwa na ndevu tatu.

Breki, ambaye hapendi ukimya, akaingia na lori lake lote.

— Niwaambie kinachokuja. Leo picha nne. Mwakani wataona nne ni nyingi, zinachanganya watu, watabakiza moja. Unaigusa ile moja, simu inampigia yule inayemtaka yenyewe. Wewe unasema halo, unajua baadaye ni nani.

— Hata hiyo moja wataiondoa, alisema Karani. Simu itakuwa kipande cha kioo cheusi. Hakina pa kugusa. Unaamka asubuhi kinakuarifu kwamba umekwisha kuongea na watu wote.

— Umegombana na wifi yako, mmepatana, na wewe ulikuwa usingizini, alisema Mama Vipimo.

— Umemsamehe! alipiga paja Breki. Na hukutaka kumsamehe! Ndiyo maana mimi nasema dawa ni moja. Simu ziuzwe zimefunguliwa, skrubu zote nje, kila kitu wazi, kila mtu achague chake mwenyewe. Ila kabla hujapewa, unakwenda kufanya mtihani. Kama udereva. Ukifeli, unarudi kuandika barua.

— Na bi mkubwa wa mteja wetu akifeli? aliuliza Karani.

— Ataandika barua.

— Macho hana, Breki.

Breki alikuna kidevu. Wazo lake lilikuwa zuri mpaka lilipofika kwa mtu mwenyewe.

— Kahawa yangu, alisema muuza kahawa, mimi naipika mwenyewe, mtu haniulizi moto kiasi gani. Lakini sukari nawaachia. Kijiko hicho. Kuna anayetia vinne na meno anayaona yanaisha. Nimnyang'anye kijiko?

— Huyo ni Breki, alisema Mama Vipimo.

— Ni mimi, alikiri Breki.

Walicheka kidogo, wakaishia hapo, maana Bisibisi hakucheka. Alikuwa ameinama anatazama mikono yake. Saa ya ukutani kibandani ilisema saa tano kasoro.

— Sijamaliza, alisema. Nilipokuwa naitengeneza ile simu, nilitaka kujua nani abaki na nani aondoke. Nikafungua orodha ya simu zilizopigwa. Ndiyo njia yetu sisi mafundi, hatumuulizi mtu, tunaiuliza simu. Anayeongea naye sana anabaki. Sasa nikakuta namba moja haina jina. Kila siku, saa kumi na mbili na robo alfajiri, inaita mara moja, inakatika. Baada ya dakika, simu ya bi mkubwa inaipigia, inaita mara moja, inakatika. Muda wa mazungumzo, sifuri. Nikarudi nyuma mwezi. Sifuri. Nikarudi mwaka mzima. Sifuri.

— Tapeli huyo! alisema Breki.

— Ndivyo nilivyodhani. Wanazo mashine, zinapiga alfajiri kupima namba ipi iko hai. Nikamwonea huruma bi mkubwa, nikasema masikini, anahangaika kuwarudishia. Nikaifungia ile namba kabisa, ikipiga inaambiwa inatumika. Ya kwanza kuifungia ni hiyo.

Mama Vipimo aliichomeka sindano kwenye pindo, akaliweka gauni pembeni.

— Fundi. Hiyo ni bipu.

Bisibisi alikizungusha kikombe chake.

— Hiyo ni bipu ya kuamkiana. Mimi na dada yangu tulikuwa nayo mpaka alipofariki. Mmoja anabipu, maana yake nimeamka. Mwenzie anabipu, na mimi nimeamka. Nani ana maneno saa kumi na mbili alfajiri? Hakuna cha kuongea. Unasikia tu kwamba mwenzio yupo, unateremsha miguu kitandani, unaanza siku.

— Sasa nimejua, alisema Bisibisi.

— Umejuaje?

Kahawa ilikuwa imepoa mkononi mwake na bado alikuwa amekishika kikombe kwa vidole viwili, kama chenye moto.

— Huyo anayebipu ni bibi anayeishi peke yake, upande wa pili wa mji. Walifanya kazi mashine moja, kiwanda cha nyuzi, miaka ishirini na sita. Magoti yamekataa, hawatembeleani tena. Wamebaki na hiyo bipu. Jumanne akaamka, akateleza, akavunjika nyonga. Aliyemkuta ni msoma mita wa maji, Jumatano mchana. Alisikia mtu anagonga ukuta kwa ndani.

— Mungu wangu, alisema Karani, wala hakusema kwanza.

— Alhamisi habari zikamfikia mama. Akaniita. Akaniambia, siku tisa hajanibipu. Nilidhani amenuna. Nilitafuta kwenye simu pa kubonyeza nimpate, nikapakosa, nikaona nisikusumbue, ulikuwa umefurahi sana na kazi yako.

Alishasema. Neno mama lilikuwa limetoka bila mteja mbele yake, na hakuna aliyejifanya hakusikia.

— Ni mama yako, alisema Breki polepole.

— Ni mama yangu.

Breki aliutoa mkono wake mkubwa, akamwekea begani, akauacha hapo.

— Nilipompa ile simu aliniuliza swali moja tu, alisema Bisibisi. Yote yamo? Nikamwambia, yote unayoyahitaji yamo, mama.

Hapo aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amelisema neno lile kwa fahari, amesimama sebuleni, funguo za pikipiki zinazunguka kidoleni. Hakuwa amemdanganya. Alikuwa na hakika, na hakika ile ndiyo iliyomuuma, kwa sababu kama angekuwa na shaka hata chembe angemuuliza.

— Sasa mama yako anajua kama namba uliifungia? aliuliza Karani.

— Hajui. Anasema, hata alipoanguka hakunitafuta. Anasema na analia. Urafiki wa miaka yote ile, amelala chini siku mbili na hakunikumbuka. Na mimi nimekaa pale nasikiliza. Nimekaa nasikiliza, Mama Vipimo! Nikiwa nimeshafungua simu, nimeshaona orodha ya zilizozuiwa. Jumanne peke yake, namba ile ipo mara thelathini na saba.

Muuza kahawa aliliweka birika chini.

Kwa kuwa hata kijiwe kikifiwa lazima kibishane, wakaanza upya, safari hii kwa sauti za chini.

— Usimwambie, alisema Breki. Nisikilize mimi. Fungua namba, weka picha ya tano, mpe simu, mpeleke. Watashikana mikono, watalia, yataisha. Ukweli mwingine ni mzigo tu, unampakia mtu aliyeshazidiwa.

— Amwambie, alisema Karani. Kwanza, wakikutana wataulizana. Pili, huyu mama anaamini mwenzake alimsahau. Utamwachaje mtu na imani ya namna hiyo ili wewe ubaki fundi mzuri?

Hiyo pili ilikuwa ya kweli, na ilimwingia Bisibisi kifuani.

— Na hiyo simu? aliuliza Mama Vipimo. Unairudishaje?

— Hilo nalo lipo. Mama kanipa, kanifungia kwenye kitambaa, kaniambia irudishe kama ilivyokuwa. Dada yangu naye kanipigia jana, kaniambia ukiifungua tu, mama akatoka tena mbio barabarani, damu yake iko juu yako. Na hasemi uongo. Nikifungua, yule tapeli anaingia. Nikifunga, shoga yake anabaki nje. Wote wanapita mlango ule ule, na wote wawili hawana jina. Mimi nitawatofautisha vipi?

— Wewe huwezi, alisema Mama Vipimo.

— Basi nani anaweza?

— Mama mwenyewe, yule aliyekuuliza yote yamo. Si yupo? Si ana mdomo? Kaa naye. Mwambie, mama, hii ni nani, hii ni nani, hii tuiache, hii tuitoe. Itakuchukua siku nzima. Itakuwa na picha tisa, kumi na moja, zisizopangika vizuri, moja ya mtu aliyekwisha kufa ambaye hataki kumwondoa. Itakuwa simu mbaya kwa macho yako. Lakini atakuwa anaijua.

— Na tapeli?

— Tapeli atapiga, mwanangu. Namba ngeni ziache zifungwe kama mama mwenyewe atataka. Akikataa, tapeli atapiga, na mama atakuwa amejua kwamba yupo anayepiga. Mimi sikuahidi kwamba hutaogopa. Utaogopa tu. Sote tunawaogopea.

Bisibisi aliitoa simu. Alikifungua kitambaa, akaiwasha, zile nyuso nne zikatokea, safi, zimepangwa sawasawa, ya kwake ya kwanza juu kushoto. Aliona kwamba alijiweka wa kwanza na hakumbuki kufikiri kuhusu hilo. Aliingia kwenye maficho anayoyajua yeye peke yake, akaanza kufungua kimoja kimoja. Vidole vyake, vile visivyotetemeka, vilikosea mara mbili.

— Naenda sasa hivi, alisema. Sisubiri saa sita. Nitamwambia nyumbani, kabla hatujatoka.

— Nenda, alisema Breki. Kama utanihitaji kuendesha, mimi nipo.

Alikuwa amesimama, anatafuta kufuli la kibanda, pale alipokuja binti mmoja kutoka upande wa kituo. Alivaa sare nyeupe ya kiwanda cha mikate na unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake. Alitembea kama mtu aliyetoka zamu na hajalala.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia.

— Namtafuta fundi anayeitwa Bisibisi.

— Ni mimi.

— Mimi ni mjukuu wa yule bibi aliyeanguka. Shoga yake mama yako.

Mama Vipimo alisogea, akapiga ubao kwa kiganja akimwonyesha pa kukaa. Binti alishukuru, hakukaa.

— Anaendeleaje? aliuliza Bisibisi.

— Leo ameamka vizuri. Amekunywa uji, ameniuliza saa. Anajua mnakuja saa sita, anafurahi, amesema nimchane nywele. Ila kanituma kwako kwanza. Kasema nikuulize wewe, nisimuulize mama yako, mama yako asije akajisikia vibaya.

— Kaniagiza nini?

— Ni jambo dogo. Alipoanguka miwani iliruka, haoni kitu, na simu yake ni ile ya vitufe, ya zamani. Alichoweza ni kugusa kile kitufe cha kijani. Ukikibonyeza mara mbili inapiga namba ya mwisho. Na namba yake ya mwisho siku zote ni ya shoga yake, kwa sababu ya bipu ya asubuhi, ingawa wiki hiyo ilikuwa hairudishwi. Basi akabonyeza. Akasikia yule mwanamke wa kwenye simu anamwambia, namba unayopiga inatumika. Akasema moyoni, anaongea na mtu, ngoja amalize. Akangoja. Akapiga tena, inatumika. Adhuhuri, inatumika. Jioni, mpaka simu ikazima chaji, inatumika.

Binti alijifuta unga kwenye nyusi kwa nyuma ya mkono. Hakuwa na hasira yoyote usoni. Alikuwa anatoa ujumbe kama alivyopewa.

— Anasema hana kinyongo. Anasema kila mtu ana siku yake ya shughuli. Ila inamsumbua, kwa sababu anamjua shoga yake, si mtu wa maneno mengi, hajawahi kukaa kwenye simu zaidi ya dakika mbili. Anataka kujua tu. Siku ile nzima, mama yako alikuwa anaongea na nani?

Breki alitazama barabara. Mama Vipimo alilichukua gauni akalikumbatia tumboni na hakushona.

Bisibisi alibaki amesimama, kufuli mkono mmoja, simu mkono mwingine. Jumanne ile alipita nyumbani mchana. Alimkuta mama yake amekaa kitini karibu na dirisha, simu mapajani, anaitazama, haigusi. Akafurahi, akadhani ameipenda.